Nyumbu Aliyezaa Farasi

Verlin Stubblefield alitoka kwenda kumlisha nyumbu wake akiwa na ndoo ya shayiri mkononi, akarudi jikoni na ndoo ileile, shayiri haijapungua hata punje. Mkewe, Oleta, alikuwa anageuza soseji kwenye kikaango.

"Mama," alisema Verlin, "Hortense ana mgeni bandani."

"Mgeni gani saa hizi?"

"Mdogo. Ananyonya."

Oleta akazima jiko, akatumbukiza miguu kwenye mabuti ya mumewe yaliyokuwa karibu na mlango, wakaenda wote. Bandani walimkuta Hortense amesimama, na chini ya tumbo lake kulikuwa na kitoto cha rangi ya kahawia, miguu mirefu isiyojua bado iende upande gani, manyoya mabichi, kinavuta ziwa kwa pupa. Hortense aliwatazama kwa jicho la mtu aliyekatizwa mazungumzo.

"Si ulisema amenenepa tu?" Oleta aliuliza.

"Ndivyo nilivyojua."

"Ukampunguzia chakula majira yote ya baridi. Ukawa unamkimbiza kilimani kila asubuhi apungue tumbo."

Verlin alimimina shayiri yote kwenye hori, kisha akaenda kuleta ndoo nyingine.

Kama ukisikia nyumbu unawaza yale makundi ya mbugani, niwie radhi. Nyumbu ninayemsema ni wa kufugwa, mtoto wa punda dume na farasi jike. Huku kwetu vilimani Missouri ndiye aliyelima mashamba ya babu zetu kabla trekta haijaja, na wapo watu kama Verlin ambao hawajasadiki mpaka leo kwamba trekta imekuja. Nyumbu ana masikio ya baba, mwili wa mama, na kichwa kigumu alichojitafutia mwenyewe. Ana kila kitu, ila hazai. Hilo hata mtoto wa chekechea wa hapa Bright Fork analijua. Verlin alikuwa amefuga nyumbu maisha yake yote, baba yake kabla yake, na habari za nyumbu kuzaa alizisikia tu kwenye duka la chakula cha mifugo, kutoka kwa wazee walewale waliodai kwamba kambare wa mtoni alimmeza ndama.

Tena basi, kitoto chenyewe hakikuwa na masikio marefu. Kilikuwa na masikio mafupi, shingo nzuri, na baka jeupe lililoteremka usoni toka kwenye paji mpaka puani. Ukikiangalia vyovyote ulivyotaka, kilikuwa farasi. Farasi jike, mzima, asiye na chembe ya upunda.

Na baka lile Verlin alilijua. Upande wa pili wa uzio aliishi Harlan Pogue, kaka mkubwa wa Oleta, na Harlan alikuwa na farasi dume mmoja aitwaye Jenerali, mwenye baka la namna hiyohiyo. Jenerali alikuwa ameshinda utepe wa bluu kwenye maonyesho ya kaunti mara nyingi kiasi kwamba Harlan aliacha kuwaambia watu, akawa anawaachia tu mlango wa sebule wazi wajionee.

Harlan na Verlin hawakupikika chungu kimoja. Ugomvi wao ulitokana na farasi jike aliyeitwa Clementine. Mzee Pogue, baba yao Harlan na Oleta, alipofariki alimwachia Harlan shamba, na Oleta akamwachia Clementine, na Harlan angebadilishana mchana huohuo kama angeulizwa. Alimpenda yule farasi tangu ujana wake. Basi akamwomba shemeji yake jambo moja tu: ampandishe Clementine kwa Jenerali, ili damu ya farasi wa baba yao isipotee. Verlin alikuwa mtu wa nyumbu. Akasema atafikiria, akafikiria wiki nzima, halafu akaleta punda. Akazaliwa Hortense. Clementine hakushika mimba tena, na miaka michache baadaye akafa kwa uzee. Harlan alikaa miaka miwili bila kula bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani mezani kwa dada yake, na hata aliporudi alikula akiwa amegeuzia kiti pembeni.

Asubuhi ile, Harlan alikuwa anazunguka malisho yake kumtafuta farasi wake mwingine aliyekuwa karibu kuzaa. Alimkuta nyuma ya kilima, tumbo limeshuka, ameshazaa, na mtoto haonekani. Akatupa macho ng'ambo ya uzio. Akaona baka jeupe.

Aliruka uzio kwa wepesi usiolingana na umri wake.

"Shemeji," alisema, anahema, "huyo mtoto umemtoa wapi?"

"Ametokea pale watoto wote wanapotokea."

"Usinichezee. Huyo ni wa farasi wangu. Mwangalie uso."

"Mwangalie anayemnyonyesha."

Harlan akamwangalia Hortense. Alipopiga hatua moja kuelekea kwa mtoto, Hortense alilaza masikio, akageuza matako polepole, bila haraka yoyote, mpaka kwato zake za nyuma zikawa zinamtazama Harlan. Harlan akarudisha ile hatua alipoitoa.

"Nyumbu hazai," alisema akiwa mbali kidogo.

"Mweleze yeye," alijibu Verlin. "Mimi nimeshamweleza, hasikii."

Adhuhuri alifika askari wa kaunti. Harlan alikuwa amempigia simu kuripoti wizi wa mifugo. Askari alikuwa mtu mnene, mpole, aliyezoea kusuluhisha habari za mbwa wanaobweka. Alimsikiliza Harlan, akamsikiliza Verlin, akakubali kipande cha pai ya tufaha kutoka kwa Oleta, kisha akaenda bandani kujionea. Hortense akapiga ndoo teke moja, ikapita juu ya paa, ikaenda kutua kwenye bustani ya kabichi.

"Mlalamikiwa amekataa kuhojiwa," alisema askari. "Bwana Pogue, mimi ninachoona ni mama na mwana. Kama kuna mtu atakayemtoa huyo mtoto hapo, si mimi."

"Afande, kisayansi haiwezekani."

"Basi tafuta mtu wa sayansi."

Jioni ile Harlan alimpata mtoto wa farasi wake amelala vichakani kando ya kijito, salama, ana usingizi wake. Mtu mwingine angevuka uzio akaomba radhi. Harlan alikaa kwenye ngazi za nyumba yake akifikiria, na kesho yake asubuhi akaingia kwenye duka la chakula cha mifugo na maelezo mapya. Kwamba Verlin hakuiba, la. Verlin alimnunua mtoto wa farasi mahali fulani, yatima, akamsukumia nyumbu wake amnyonyeshe, apate kuandikwa gazetini. Kufikia mchana, Bright Fork nzima ilikuwa imegawanyika. Waliomwamini Verlin walikuwa Oleta na yule askari.

Hilo lilimuuma Verlin kuliko kuitwa mwizi. Mwizi, alisema, walau anafanya kazi. Alipokwenda kununua chumvi ya mifugo, mzee mmoja alimuuliza kama kuku wake wameanza kutaga maboga. Verlin aliacha chumvi kwenye kaunta, akarudi nyumbani, akampigia simu daktari wa mifugo.

Daktari Marjean Eikenberry alikuwa mama wa makamo mwenye mikono mikubwa na sauti ya taratibu, na hakuna zizi katika kaunti ile ambalo hakuwahi kukanyaga. Alimpima Hortense, akakamua maziwa kidogo kiganjani, akayanusa, akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Verlin, huyu amezaa. Mwili wake unasema hivyo. Ila ninachojua mimi kinasema haiwezekani, na sasa sijui nimsikilize nani."

"Kwa nini haiwezekani? Maisha yangu yote naambiwa haiwezekani, hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini."

Daktari akafikiria aanzie wapi na mtu ambaye shule aliiacha mlangoni.

"Umewahi kufunga jozi kwenye plau?"

"Daktari, hilo ni swali la kunitukana."

"Sawa. Ndani ya kila chembe ya mwili, yaani seli, kuna nyuzi ndogo, kromosomu. Ndizo zinazobeba habari zote, masikio yawe marefu au mafupi, uso uwe na baka au usiwe nalo. Farasi ana sitini na nne. Punda ana sitini na mbili. Kila mzazi anatoa nusu. Clementine alimpa Hortense thelathini na mbili, punda akampa thelathini na moja."

Verlin alihesabu kwa vidole, akaishiwa vidole. "Sitini na tatu."

"Naam. Sasa, Hortense alipokuwa anakua, seli zake zilikuwa zinagawanyika kila siku. Katika mgawanyiko huo, kila kromosomu inajinakili, nakala mbili zinashikana, zote zinajipanga katikati ya seli, kisha kila nakala inavutwa upande wake. Hapo haihitaji mwenza. Kila moja inajitegemea. Ndiyo maana Hortense ana afya kuliko mimi na wewe."

"Na teke."

"Na teke. Lakini kutengeneza yai ni mgawanyiko mwingine. Hapo kila kromosomu iliyotoka kwa mama lazima itafute mwenza wake aliyetoka kwa baba, wasimame sambamba kama jozi kwenye nira. Wakishapangana, jozi inaachana, huyu geti hili, yule geti lile. Sasa mfunge farasi na punda nira moja."

"Hawaendi," alisema Verlin. "Mmoja mrefu, mmoja mfupi, hatua hazilingani. Na mmoja atabaki hana mwenzake."

"Ndivyo inavyokuwa kwa Hortense. Zinapapasana, hazitambuani, mwisho zinatawanyika ovyo. Geti hili wanapita farasi kadhaa na punda kadhaa, geti lile hivyohivyo, na yai linakufa."

"Na huyu mtoto je?"

Daktari Marjean alimtazama yule mdogo, aliyekuwa anajaribu kula kamba ya kiatu chake.

"Njia ninayoiona ni moja. Ilitokea siku moja farasi wote, yaani nyuzi zote za Clementine, wakapita geti moja na punda wote wakapita geti lingine, asipotee hata mmoja. Yai likabaki na farasi watupu."

Verlin alitikisa kichwa. "Daktari, nimefungua mageti tangu nina miaka sita. Sijaona farasi thelathini na mbili wakikubaliana geti la kupita."

"Na mimi sijaona. Ndiyo maana nataka damu yao."

Kupata damu ya mtoto kulichukua dakika chache. Kupata damu ya Hortense kulichukua mchana mzima, na Verlin alikuwa anachechemea wiki nzima baadaye.

Daktari alikuwa na mtaalamu aliyesoma naye zamani, anayefanya kazi kwenye maabara ya chuo kikuu, mwendo wa saa tatu kwa gari. Damu ikapelekwa huko. Verlin alimwomba pia achukue ya Jenerali, kwa ajili ya lile baka, na Harlan alikubali kwa sababu, alisema, hana cha kuficha, kinyume na watu fulani. Majibu yalipokuwa tayari, hakuna hata mmoja kati ya wale wanaume wawili aliyekubali kusimuliwa na mwenzake. Kila mmoja alitaka kuona kwa macho yake. Oleta akaamua kuendesha gari yeye.

"Mnakaa wote nyuma," alisema.

"Dada, mimi nina goti bovu."

"Utalikunja. Mbele anakaa daktari."

Walisafiri saa tatu wakitazama kila mtu dirisha lake. Walipopita kwenye daraja kubwa, Harlan alisema mto umejaa. Verlin alisema haujajaa. Hayo ndiyo yaliyozungumzwa.

Maabara ilikuwa chumba kidogo chenye joto na harufu ya siki. Yule mtaalamu, mtu mwembamba aliyechangamka kuliko wageni wake, aliwaeleza kwamba seli za damu zililishwa ndani ya chupa mpaka zikaanza kugawanyika, kisha zikatiwa dawa ya kuzisimamisha pale kromosomu zinapokuwa nene na kuonekana vizuri, kabla nakala hazijavutana. Akamwita Verlin kwenye hadubini.

Verlin aliinama. Akafumba jicho lisilotakiwa, akafumbua, akafumba lingine.

"Naona minyoo," alisema.

"Hiyo ndiyo yenyewe."

"Imevaa soksi za rangi moja. Mbona mingine imekaa kama herufi X?"

"Ni nakala mbili zimeshikana kiunoni. Tungezipa muda zingeachana. Huyo ni Hortense. Tumehesabu seli nyingi, zote zina sitini na tatu. Ni nyumbu halisi."

"Hilo hata teke lingekuambia."

Harlan akamsogeza kwa kiwiko, akainama na yeye. Mtaalamu akabadilisha kioo, akaweka cha mtoto.

"Na huyu?" Harlan aliuliza.

"Sitini na nne. Farasi."

Harlan aliinuka polepole, amenyooka kama mtu aliyepewa utepe wa bluu. "Rudia, tafadhali. Shemeji yangu hasikii vizuri upande wa kulia."

"Farasi kamili."

"Farasi kamili," Harlan aliwatangazia watu wanne ndani ya chumba kile. "Nimesema nini mimi? Nyumbu kwake, farasi kwake. Oleta, twende nyumbani. Yamekwisha."

Verlin alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, kikazunguka nusu, akabaki anautazama ukuta. Oleta alimwekea mkono begani.

"Bwana Pogue," alisema Daktari Marjean, "kaa chini, hatujafika mwisho. Idadi peke yake haisemi mtoto ni wa nani. Kama yale niliyomweleza Verlin ni kweli, mtoto alitakiwa awe farasi. Ndiyo maana tukapima pia alama zilizo kwenye damu. Kila alama mtoto anapata moja kwa mama, moja kwa baba. Kwa huyu, upande mmoja wote ni Jenerali. Hakuna ubishi, Jenerali ndiye baba."

"Unaona," alisema Harlan, lakini sauti ilikuwa imepungua, kwa sababu Jenerali hakutakiwa kuwa baba wa mtu yeyote upande ule wa uzio.

"Upande wa pili wote ni Hortense. Kila alama ya kifarasi aliyo nayo Hortense, mtoto anayo. Ya kipunda hata moja hana. Punda ametoka mzimamzima."

Mashine moja ilikuwa inanguruma pembeni.

"Za kifarasi Hortense alizipata wapi?" aliuliza Harlan.

"Kwa mama yake. Hakuna kwingine."

"Kwa Clementine."

"Kwa Clementine. Zile alizompa Hortense, Hortense amezipitisha zote, hazijachanganyika. Ukimpima huyu mtoto bila kujua habari zake, utasema ni mtoto wa Clementine na Jenerali."

Harlan alivua kofia. Akaitazama ndani, akaivaa, akaivua tena. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu, akainama kwenye hadubini na kukaa hapo muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu kuangalia minyoo. Hakuna aliyemharakisha. Mtaalamu alitaka kumwambia kwamba taa ya hadubini imeshazimwa, Oleta akamtikisia kichwa.

Mwisho akasema Verlin: "Ninachotaka kujua mimi ni Jenerali alipita wapi. Uzio wangu hauna tundu."

"Uzio *wangu*," alisema Harlan bila kuinuka. "Niliujenga mimi."

"Ulianguka," alisema Oleta. Wote wakamgeukia. "Mwaka jana mwezi wa nne, ile asubuhi baada ya dhoruba. Mti uliangukia uzio. Nilitoka kuangalia kuku nikamkuta Jenerali amesimama na Hortense, wametulia kama watu waliomaliza kazi. Nikamshika hatamu nikamrudisha kwake, nikausimamisha uzio."

"Na hukusema," alisema Verlin.

"Niseme kwa nani? Kwako, ukampigie kelele kaka yangu? Kwake, akuambie nyumbu wako amemharibia farasi? Nilikuwa nataka kunywa kahawa yangu. Tena nilijua nyumbu hazai."

Njiani kurudi, Harlan na Verlin walikaa nyuma vilevile. Walipofika kwenye daraja, Verlin alisema mto kweli umejaa kidogo. Harlan akasema, hapana, kwa kweli, haujajaa.

Baada ya siku kadhaa Harlan alikuja mpaka bandani, kwa kupitia getini safari hii, akamwomba Verlin amruhusu kumfundisha yule mdogo hatamu. Hakusema samahani. Alisema Verlin ni mtu wa nyumbu, akimfundisha farasi atamharibu. Verlin akasema hiyo ni kweli, hajui kuzungumza na mnyama anayetii. Walibishana juu ya jina mpaka Oleta akachoka, akamwita Maybelle, jina ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelitaka. Watu wa Bright Fork walikuja kumtazama kwa makundi, na yule mzee wa maboga alikuja na wajukuu, akamweleza kila mtu kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Daktari Marjean hakutosheka. Alitaka kujua kama Hortense angeweza tena, na majira yaliyofuata wote wanne walikubaliana: Jenerali angeletwa mchana, kwa heshima, mbele ya mashahidi. Harlan alimpiga brashi mpaka akang'aa, akamsuka manyoya ya shingoni na kumfunga utepe mkiani. Jenerali aliingia zizini ameinua shingo, akamkaribia Hortense, akamnusa.

Hortense alimfukuza zizi zima mara mbili, akamng'ata mkia, na alipoona haelewi akamtimua mpaka akaruka uzio. Jenerali akakimbia moja kwa moja mpaka nyumbani kwake, na toka siku hiyo hakukubali tena kula upande ule wa malisho.

"Nafikiri ametujibu," alisema Daktari Marjean, akifunga mkoba wake.

Harlan alikuwa ameokota utepe wa mkiani uliobaki kwenye tope. "Msimamo huo," alimwambia Verlin, "ameupata kwa punda wako."

"Ameupata kwa Clementine," alijibu Verlin. "Humkumbuki alivyonifukuza siku ya harusi yangu?"

Harlan akafikiria, akaanza kucheka, na Oleta akawaita wakale.